Mstari wa Chokaa

Fundi alimwaga chokaa katikati ya ua wa Bi Sikudhani, mstari mweupe ulionyooka mpaka ukutani kwa jirani yake, Bwana Mhando.

"Njia fupi ni hapa, mama," alisema. "Waya wa intaneti unapita chini, tunafukia, tunaondoka."

"Na mkizungukia barabarani?"

"Itabidi tuvunje lami, kisha tuirudishie. Kwa gharama hiyo mtu anapata gari."

Bwana Mhando alisogea mbele akitabasamu, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia kwa miaka tisa. "Ni kazi ya siku moja tu, jirani. Wanangu wanafanya kazi na watu wa ng'ambo, na intaneti ya simu imetushinda kabisa."

Miaka tisa iliyopita Bi Sikudhani alimwomba mtu huyuhuyu ruhusa ya kupitisha bomba la maji pembezoni mwa ua wake. Mhando alimjibu akiwa garini, bila hata kuzima injini: "Ua wangu si barabara." Tangu siku hiyo Bi Sikudhani maji anayafuata kisimani, bondeni.

Bi Sikudhani aliingia jikoni. Alitoka na dumu la njano kichwani, akalitua juu ya mstari wa chokaa.

"Ua wangu nao si barabara," alisema. "Hiyo intaneti nenda kaichote kwa hili. Shingo itakuuma mwaka wa kwanza tu."

Fundi alianza kukunja futi yake. Mhando akacheka kidogo, akainama kulisogeza dumu kwa mkono mmoja.

Lilikuwa limejaa.