Bingwa wa Pointi za Mezani

Alikuwako Nguchiro, nahodha wa timu iliyofungwa na kila aliyejaliwa miguu, ila kanuni za ligi alizijua kuliko dua zake. Ngiri walipowachapa sita bila, alikata rufaa: eti wakati wa dakika ya ukimya walisimamisha mikia. Korongo, katibu wa ligi, akalifikiria jambo hilo kwa mguu mmoja, kisha akampa Nguchiro pointi za mezani na kuwafuta Ngiri kwenye ligi.

"Hongera, bwana mdogo," nahodha wa Ngiri akamwambia akifunga mizigo. "Sasa ucheze na hiyo meza."

Swala wakafutwa kwa kuruka kabla ya filimbi, Fisi kwa kumcheka mwamuzi. Mwisho wa msimu ikabaki timu moja. Korongo alimkabidhi Nguchiro kombe katika uwanja mtupu, akapiga makofi kwa niaba ya mashabiki, akaenda zake.

Msimu mpya ulipofika, wachezaji wa Nguchiro walikuwa wamehama kwa kukosa mechi. Kila jioni aliupiga mpira golini, kisha akaufuata mwenyewe wavuni. Hatimaye akaenda kwa Korongo.

"Mheshimiwa Katibu, nakata rufaa. Warudishe Ngiri, hata wanifunge kumi."

"Rufaa husikilizwa mbele ya mpinzani. Yuko wapi?"

"Hayupo, mzee wangu. Ndilo ninalolilia."

Korongo akatazama saa, akangoja robo saa ya kanuni, akatazama mlangoni. Hakuingia yeyote.

"Mpinzani hajatokea," akasema kwa upole. "Umeshinda. Pointi tatu."