Kitabu cha Bi Prather

Bi Prather alipotia mkono mkobani akatoa kitabu chake mwenyewe, Verlene alihisi uso unawaka moto.

"Hiki hamnacho," alisema Bi Prather. "Nataka nimsikie akisoma kitu asichokijua."

Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Corinna, binti yake Verlene mwenye miaka minane, alisimama katikati ya jiko, mikono nyuma, akamwaga kila alichofundishwa nyumbani mwaka mzima: wafalme wa Uingereza mmoja baada ya mwingine, mito mikubwa, jedwali la kuzidisha hadi kumi na tano, zaburi tatu, na vitenzi vya Kilatini ambavyo hakuna mtu kule milimani aliyekuwa na haja navyo. Hakukwama hata mara moja. Bi Prather, mwalimu aliyekuja kila Juni kuwakagua watoto wanaosomea nyumbani, alitia vema kila mahali, akala na kipande cha pili cha mkate wa mahindi.

Verlene alimfundisha hivyo kwa makusudi. Yeye shule ilimtesa. Alisimamishwa mbele ya darasa mpaka wenzake wakacheka, na mwalimu naye akacheka. Verlene akaapa kwamba mtoto wake hataionja aibu ile. Akanunua rekodi za masomo, wakawa wanazisikiliza garini wakienda dukani na kanisani, wote wawili wakirudia mstari kwa mstari hadi yakakaa kichwani. Hata vitabu vya hadithi vya pale nyumbani walivihifadhi vyote kichwani kwa rekodi. Verlene alifunua kurasa huku akikariri, mtoto akifuatisha kwa kidole.

Hapo ndipo mama mkwe alipopata pa kumchoma.

"Umefuga kasuku, Verlene," alimwambia siku ya Pasaka, mbele ya ukoo mzima. "Hebu mpe gazeti tuone kama huyo mtoto anajua kusoma."

Verlene alichukua sahani akaenda kuziosha. Tangu siku ile alimvizia binti yake kila aliposhika kitabu, asiweze kujua kama anasoma au anakariri tu. Kumuuliza aliona haya, na ni mtoto wake wa kumzaa. Kama mama mkwe alisema kweli, Corinna angepelekwa shule Septemba, akae nyuma ya wenzake, wote wamcheke, na lawama ingekuwa ya mama yake peke yake. Miaka miwili iliyotangulia mumewe, Harlan, ndiye aliyempokea Bi Prather. Safari hii alikuwa Ohio na lori la mbao.

Corinna alifungua kitabu. Kilihusu nyuki. Alianza polepole, akajikwaa kwenye neno moja, akalirudia, akaendelea. Verlene hakutazama kitabu. Alikodolea macho uso wa Bi Prather hadi alipouona unatabasamu.

"Anawashinda hata wa miaka kumi," alisema Bi Prather. "Nani kakwambia kukariri hakuna faida, mama? Hongera."

Verlene alimpapasa mtoto kichwani. Alijionea haya kwa kumshuku mtoto miezi yote ile.

Ndipo Bi Prather akasukuma karatasi mbele yake. Lilikuwa tamko la mzazi, mistari sita tu, na yeye alipenda mzazi alisome kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Verlene alisema afadhali wamsubiri Harlan, mambo ya karatasi ni yake. Bi Prather alisema hakuna haja, ni dakika moja.

Verlene aliiangalia karatasi. Moto ulimrudia usoni, ukashuka hadi shingoni.

Corinna akavuta kiti, akaketi ubavuni kwake.

"Mama, mimi natangulia," alisema taratibu. "Wewe unifuate."

Bi Prather alicheka, akasema hayo ndiyo malezi. Mtoto akasoma mstari wa kwanza, mama akaurudia, kisha wa pili, hadi wa sita, bila kukosea, huku ameinamia karatasi asiyoweza kusoma hata neno lake moja. Na miaka minane yote Verlene alidhani mtoto haijui siri hiyo.