Mpaka Usio na Upana

Kwa Jumamosi ya tisa mfululizo, mwalimu wa hesabu alikuwa nyumbani kwa mjane mmoja, akikaza bawaba za lango ambazo hazikuwa zimelegea.

"Mwalimu, utalimaliza lango langu," mjane alimtania. "Njoo unywe chai."

Aliketi, lakini chai hakuigusa. Chuoni alisifika kwa kanuni yake: mpaka, uwe wa mahali au wa wakati, hauna upana, kwa hiyo hakuna kinachokaa ndani yake. Kwa kanuni hiyo, manispaa ilipomwomba, aliugawa mji kuwa kanda mbili za magari ya wagonjwa, na mpaka ukapita kwenye mtaa huu. Kwenye karatasi ilipendeza. Ila mtaa una upana, una nyumba, una watu. Anwani za hapa kompyuta haikuziona mashariki wala magharibi, na simu zao ilizikata bila kuziandika popote.

Aliigundua hitilafu hiyo wiki moja baada ya moyo wa mume wa mjane kusimama pale pale sebuleni. Majirani walisema gari halikufika. Mwalimu alirekebisha kimya kimya, na tangu hapo hakupata usingizi wa maana.

Mjane alimsogezea sukari kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kilikuwa kimepinda.

"Uliumia lini, mama?"

"Zamani. Nilijifunga kitambaa tu."

"Hukwenda hospitali?"

"Mzee hakutaka."

Ukutani palibaki msumari na alama ya mraba ilipokuwa picha ya marehemu. Masikini, mwalimu aliwaza, hata kumtazama hawezi. Hapo akashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Mzee alikufa kwa kosa langu."

Akamweleza yote, mstari, kanda, kompyuta, machozi yakimtiririka bila aibu. "Ulipiga simu, mashine yangu ikaitupa. Ningekuwa makini angekuwa hai."

Mjane aliweka kikombe chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa karibu naye.

"Na miezi yote hii umeubeba mzigo huo peke yako?"

"Unanistahili, mama."

Mjane alimshika mkono.

"Aliniomba nipige simu," alisema. "Aliniomba mara tatu, mwalimu. Simu yenyewe nilikuwa nimeikalia."