Mahali pa Ndama

"Mchape tena!"

"Nimchape mpaka lini, mke wangu? Hasogei!" mume wangu alijibu kutoka mgongoni mwa nyati wetu wa kazi.

"Basi shuka uvute wewe, si mmelingana kwa ukaidi!"

Mafuriko yalikuwa yamemeza njia zote za kisiwa chetu cha Marajó. Nyati alifungwa kamba ya kuvuta mtumbwi, na ndani nilimpakata Jandira, binti yetu. Alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jana; mtoto alikataa kutoka tumboni, damu haikukatika, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya maji.

Nyati aligeukia zizini, akalia. Ndama wake aliyezaliwa juzi akamwitikia.

"Hataondoka bila mwanawe," nikasema.

"Tukimpakia na huyo, mtumbwi utazama."

"Najua."

Jandira alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. "Mama, usiniache."

Nikavichomoa kimoja kimoja. Nikashuka, maji yakanifika kiunoni. Nikamkokota ndama kutoka zizini, nikamlaza mahali pangu, nikauweka mkono wa binti yangu kwenye shingo yake yenye joto.

"Mshike huyu, mwanangu. Haya, nendeni!"

Kamba ikakaza.