Msomaji wa Bi Mishi

Mkokoteni wenye magunia manne ya vitunguu ulikuwa umeshatoka lango la soko la Kongowea, na Bi Mishi bado anamsifu moyoni yule mteja wa shati la kijani. Mtu ana adabu, wallahi!

Simu ilipolia kwa ujumbe, alikuwa amempa mteja huyo amsomee, kama anavyowapa wateja wote, kwani macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Mteja akasoma taratibu kwamba pesa zimeingia zote, huku akipitisha kidole chenye mafuta ya bajia chini ya kila mstari, ili mama afuate.

Mara muuza nyanya wa kibanda cha pili, ndiyo kwanza anafika sokoni, akaja mbio, anahema.

"Bi Mishi, ujumbe wangu umeupata?"

"Ujumbe upi, mwanangu?"

Muuza nyanya akaichukua simu. Asubuhi ile ulikuwa umeingia ujumbe mmoja tu. Akausoma kwa sauti:

"Bi Mishi, akija mtu wa shati la kijani, usimpe mzigo. Ni tapeli."

Bi Mishi akakiinamia kioo. Mafuta ya bajia yalikuwa bado yanang'aa chini ya kila mstari.