Kuna Mtu Ndani?

"Shoga, hivi mumeo ana nini na swichi za taa?" jirani aliuliza siku moja, akicheka hadi akaweka chini sinia la maharage aliyokuwa akichagua.

Mwenyeji wake akacheka pia. Nyumbani walishazoea. Mumewe, mwendesha mashine ya kuchanganyia sabuni kiwandani, hawashi taa hivi hivi. Hushika swichi, huita, "Kuna mtu ndani?", kisha hungoja. Hata chooni. Watoto humwitikia kwa kumtania, "Tupo, baba, tuwashie."

Ilikuwa vizuri kumsikia jirani akicheka. Marehemu mume wa jirani, Mungu amrehemu, alikuwa mkwanguaji wa sabuni iliyoganda kwenye mashine kiwandani humo humo, na msibani bosi alisimama akasema aliteleza ngazini kwa uzembe wake. Neno hilo lilimkaa jirani kooni. Mtu aliyekuwa akikagua komeo la mlango mara mbili kabla ya kulala, uzembe angeutoa wapi?

Mwendesha mashine alimsaidia sana. Alimzibia paa, alimjazia mapipa ya maji. Shukrani tu ndizo hakuweza kuzisikiliza. Akikaribishwa chai, ana haraka.

Basi jioni hiyo, giza likiingia jikoni na kila mmoja akiona uvivu kunyanyuka, mke alieleza kwa fahari kidogo. Ni mafunzo ya usalama, shoga. Kiwandani waliletewa mwalimu. Wakafundishwa kwamba mkwanguaji akiwa ndani ya pipa la mashine, anayewasha hamwoni. Kwa hiyo aite kwanza, angoje jibu, ndipo abonyeze.

Jirani aliacha kuchagua maharage.

"Walifundishwa lini?"

"Mara tu baada ya msiba wenu," mke akasema, akinyoosha mguu uliokufa ganzi.

Jirani alirudia maneno hayo polepole, kama anayejifunza kuhesabu. Mke alimwuliza kama amletee maji ya kunywa.

Mlango ukalia. Mwendesha mashine aliingia na harufu yake ya sabuni, akapapasa ukutani, akaishika swichi.

"Kuna mtu ndani?"

Mke alifungua mdomo. Jirani akamwahi.

"Nipo, shemeji. Na siku ile, uliita?"

Mkono ukabaki ukutani, taa isiwake. Jirani akatafuta viatu vyake kwa miguu gizani, akampita pale mlangoni, akatoka.