Kindege Juu ya Lenzi ya Mzee Kuramochi

"Mgeni husimama mwisho wa mstari," alinikumbusha Mzee Kuramochi, tulipojipanga msituni na kamera zetu kukivizia kindege cheupe. Wazee wenzake wakaicheka kamera yangu. "Hiyo kamera au kiberiti, mjukuu?"

Wiki ya tatu sasa, theluji hadi magotini, na kile kindege cheupe sijakipata. Nina picha za matawi tu.

Ghafla kikaja, mviringo kama tonge la wali, kikatua juu ya lenzi ya Mzee Kuramochi, ndefu kama mchi.

Wote wakaganda. Lenzi zao kubwa hazishiki kitu cha karibu hivyo.

"Miaka ishirini nakiwinda," mzee akanong'ona bila kutikisa mdomo, "leo kimenikalia. Mjukuu, piga na kiberiti chako!"

"Kutoka huku mwishoni, babu?"

Masharubu yake yenye barafu yakatetemeka kwa kicheko alichokimeza. Nikabonyeza.